Kiapo Juu ya Betri

Betri ya kwanza ilikufa siku ile ile Kamene aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Ingekufa siku nyingine yoyote, mumewe Wathome angetukana kidogo, angeita watu wasukume gari, na habari ingeishia hapo. Lakini ilikufa asubuhi ile, Kamene amekwisha kuketi ndani ya pikapu na leso zake mapajani, na ufunguo ulipozungushwa hakukusikika kitu ila tik, tik, tik. Walipopatikana watu wa kusukuma, mtoto alikuwa amezaliwa pale pale kwenye kiti cha gari, na hakulia. Walimzika nyuma ya ghala la mahindi.

Wathome hakuwa mgeni wa magari. Alikuwa ameendesha malori ya watu miaka mingi kati ya Machakos na Garissa kabla ya kujinunulia pikapu yake kuukuu, na kule kwao, mwendo mfupi kutoka soko la Kithyoko, hapakuwa na mtu wa kumfundisha kusikiliza injini. Betri nzuri ikitunzwa huishi miaka miwili, hata mitatu. Ile haikumaliza mwaka. Basi akanunua nyingine, akaifunga kwa mikono yake, akaapa kwamba hii ataichunga kuliko macho yake. Nayo ikaanza kudhoofika kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.

Hapo ndipo alipoanza kulichunguza gari kwa hasira ya mtu aliyefiwa. Alikaza mkanda wa feni. Aliipeleka mashine ya kuchaji kwa fundi wa Matuu, fundi akaipima na kusema ni nzima. Alisugua vichwa vya betri kwa msasa, akapaka grisi, akabadilisha waya wa kwenda kwenye bodi. Alichukua balbu ndogo akaitia kati ya waya na kichwa cha betri, gari likiwa limezimwa, kuona kama kuna moto unaovuja, balbu haikuwaka. Bado hakuridhika. Kila jioni akawa anaing'oa waya kabisa, betri ilale peke yake bila kuguswa na chochote, na bado iliendelea kudhoofika, leo hivi, kesho vile, mpaka ikakata roho.

Mambo mawili tu hakuweza kuyaelewa. La kwanza ni harufu. Betri iliyozidiwa na chaji hunuka yai bovu, kila dereva anajua, lakini yake baada ya safari ndefu ilinuka vingine, harufu kali ya kuchoma pua, kama dawa ya kung'arisha mashuka. La pili lilikuwa zuri, kwa hivyo hakulifikiria sana: maji ya betri zake hayakupungua. Madereva wenzake walilalamika kila mara kwamba joto la Masinga linakausha betri, lakini yeye akifungua vifuniko alikuta maji yamejaa mpaka juu. Alijisifu kwamba anajua kufunga vifuniko. Masikini, mtu akipewa sifa ya bure haiulizi ilikotoka.

Basi akafikia uamuzi ambao fundi mzuri huufikia akiisha kumaliza akili zake. Gari ni zima, akasema. Kwa hivyo ni mtu.

Na mtu hakuwa mbali. Ng'ambo ya ua aliishi Ndeti, mwanamume mkubwa mwenye mabega ya kubebea magunia na maneno ya kuhesabika. Baba zao waligombania mpaka wa shamba mpaka wakaingia kaburini bila kusalimiana. Pikapu ya Wathome ililala siku zote kwenye mteremko ulio kando ya ua wa Ndeti, pua ikiangalia barabara, jinsi dereva mwenye betri mbovu anavyoliegesha gari lake: ikikataa kuwaka unaachilia breki, linateremka, unaingiza gia, linanguruma. Hata siku ile mteremko ungewasaidia, ila mvua ilikuwa imeugeuza tope na magurudumu yamezama. Siku chache kabla ya mtoto kufa, watu walikuwa wamemwona Ndeti ameegemea boneti ya gari. Ndeti alisema alikuwa anatoa mwiba mguuni. Lakini kijiji hakikutaka mwiba, kilitaka habari, na wanawake kisimani wakasema kikulacho ki nguoni mwako, huku wakitupia jicho kwa Ndeti.

Kamene alikuwa na mimba tena. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila jioni moja alimwambia mumewe, bila kupandisha sauti, kwamba safari hii atazaa hospitalini, na kwamba hataki tena kiti cha gari. Wathome akamwahidi. Kutoka siku hiyo hakuwaza jambo lingine. Akalitoa gari mteremkoni, akaliingiza ndani ya boma, mahali tambarare kando ya ghala, akalizungushia matawi ya miiba kama zizi la mbuzi ili mkono wa jirani usilifikie. Kisha akaanza kuulizia habari za kithitu.

Kithitu si kitu cha kuchezea. Ni kiapo cha Wakamba cha tangu zamani, na kile chombo chenyewe, ambacho hakuna anayependa kukieleza, huletwa na mzee wake kimefungwa, kinawekwa mahali pasipo na nyumba, na kila mwenye kesi hukipiga kwa kijiti akisema maneno yake. Aliyesema kweli huenda zake. Aliyesema uongo, hata kama hakujua kwamba ni uongo, kithitu humla yeye na nyumba yake, na hakifanyi haraka. Watu wa huko huenda kanisani kila Jumapili na bado wakipita mahali kilipopigiwa huzunguka mbali.

Ndiyo maana Wathome alimficha mama yake jambo hilo. Munyiva alikuwa nguzo ya akina mama Wakatoliki, mwanamke mdogo mkavu mwenye rozari shingoni na leso za kanisani zilizojaa vitundu vidogo vidogo, ambavyo yeye alivisingizia panya. Tangu mtoto afariki alikuwa anafunga kila Ijumaa kwa ajili ya mkwe wake. Angesikia neno kithitu angekwenda kwa padri bila kuvaa viatu.

Mzee Musili aliletwa kutoka upande wa Muthetheni. Walikutana asubuhi, kwenye uwanja wa mawe nje ya kijiji, yeye na Wathome na Ndeti na mashahidi wachache waliosimama mbali kuliko ilivyohitajika. Kabla ya kufungua mzigo wake mzee alimgeukia Wathome.

"Gari umepima yote," akasema. "Na watu wa boma yako, umewauliza wote?"

Wathome alisema ndiyo. Alikuwa amemuuliza Kamene, na nyumbani kwake walikuwa watu watatu tu. Kumuuliza mama yake kungekuwa kumwambia ni kwa nini anauliza. Aliona ni jambo dogo.

Ndeti alipiga wa kwanza. Alisema mkono wake haujaigusa betri ya Wathome wala kuitia kitu, na kama amesema uongo basi kithitu kimle. Lakini Wathome hakutosheka. Alidai maneno yaongezwe: Ndeti aape pia kwamba mkono wake hautaligusa gari lile tena, hata siku moja. Mzee Musili hakupenda. Alisema kiapo hakirefushwi kama kamba ya ng'ombe, kwamba maneno ya kesho hakuna anayejua yatafungwa wapi. Wathome akashikilia. Ndeti aliinua mabega yake makubwa, akapiga tena na kuyaongeza, kisha akamgeukia jirani yake.

"Wathome, bado unaweza kuacha. Mimi sitakucheka."

Utulivu huo ndio ulimkasirisha zaidi. Wathome akashika kijiti, akapiga, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: mkono ulioua betri zake na mtoto wake ulitoka nje ya boma lake, na kama ulitoka ndani, kithitu kimle yeye na nyumba yake yote. Mzee akafunga mzigo. Aliwaambia wasiende kwenye mazishi yoyote, wala mmoja wao, mpaka mvua zipite, akaondoka bila kukubali hata chai.

Wathome alinunua betri ya tatu, na kwa majuma kadhaa aliishi kwa amani. Gari liliwaka kila asubuhi kwa mguso mmoja. Alimwona Ndeti ng'ambo ya ua akipalilia mbaazi, akatamani kujua kama ameanza kukonda. Wala hakuona aibu kutamani hivyo.

Kisha siku moja ya soko, pale Kithyoko, akiwa amepakia mbuzi, alizungusha ufunguo na injini ikageuka kwa uvivu, mara moja, mara mbili, ikanyamaza. Mwenye mbuzi alikuwa Nur, Msomali aliyefanya biashara ya mifugo pale sokoni tangu ujana wake, na ambaye malori yake yalijua kila kisima kutoka Tana mpaka Wajir. Alifungua boneti, akazungusha kifuniko kimoja cha betri, akainama kunusa, akajitoa haraka akikohoa.

"Hii betri imekunywa chumvi," akasema.

Wathome akamwambia haiwezekani, maji anatia mwenyewe, ya chupa, ya dukani.

"Wallahi ni chumvi. Sisi kule juu, dereva akikosa maji anatia ya kisima, na visima vya huko ni chumvi tupu. Betri inakula hayo maji siku mbili tatu inafurahi, halafu inaanza kunuka namna hii, halafu inakufa. Huwezi kuona kwa waya, hata ukipima mwaka mzima. Ndugu yangu, wewe unatia maji. Lakini kuna mwingine anatia pia."

Mtu mwingine angeshtuka. Wathome alifurahi. Njia nzima ya kurudi nyumbani, baada ya watu wa Nur kumsukuma, alikuwa anacheka peke yake usukani ukimtetemekea mikononi. Chumvi! Kumbe dawa ya Ndeti ilikuwa chumvi ya jikoni tu. Sasa angemkamata na kifuniko mkononi, na kithitu kingemaliza kazi yake. Aliliegesha gari pale pale tambarare, ndani ya miiba, na kuamua kwamba Jumatatu ataipeleka betri Matuu ikaoshwe na kuchajiwa. Kamene alikuwa amebakisha majuma. Muda ulikuwepo.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na kijiji kizima kilikuwa kimekwenda Katangi kumzika mwalimu mstaafu. Lori la mchanga liliwachukua mapema, wanaume, vijana, na akina mama wa kwaya. Waliobaki ni wale wasioweza kwenda: Kamene kwa ajili ya tumbo lake, Munyiva aliyerudi kutoka misa ya kwanza ili amwangalie mkwe, na wale wawili waliokatazwa mazishi na mzee Musili. Wathome aliona ni siku ambayo mwizi yeyote angeichagua. Akaingia ghalani, akaketi juu ya gunia, akaweka jicho kwenye ufa wa ubao.

Jua lilikuwa la utosini aliposikia miiba ikisogezwa. Alishika rungu lake. Halafu akaona leso yenye vitundu.

Munyiva alifungua boneti kwa ustadi wa mtu aliyezoea, akaiegemeza kwenye kijiti chake. Kutoka mfukoni alitoa sarafu, akazungusha vifuniko kimoja baada ya kingine, akavipanga juu ya bati. Kisha akatoa chupa ndogo ya plastiki, akafanya ishara ya msalaba juu ya betri, na midomo yake ikicheza akaanza kumimina, tone kwa tone, kila tundu kwa zamu. Tone moja la tindikali lilimrukia kutoka ndani. Alilipangusa kwa leso.

Wathome alitoka ghalani bila kujua kwamba ametoka.

"Mwaitu, mama yangu, unafanya nini?"

Mama yake hakushtuka. Alitabasamu kidogo, kama mtoto aliyekutwa akifanya wema wa siri.

"Napatia hii moyo maji. Si ni wewe uliniambia? Ile siku ulileta gari nikakuuliza hii sanduku ni ya nini, ukaniambia ni moyo ya gari, isipokunywa maji inakufa. Nikasema, kama ni moyo, heri ikunywe maji ya baraka."

Alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo kwa mzaha, akijivunia gari alilolinunua mbele ya mama yake. Aliitazama ile chupa. Maji ya kisima cha misheni yana chumvi ya ardhini tayari, ukiyapikia chai utaionja, na padri huongeza chumvi nyingine anapoyabariki. Kila mtu aliyekulia kwenye kanisa lile anajua, naye alikulia pale.

Akamuuliza tangu lini.

"Tangu ile ya kwanza, kila Jumapili, wewe ukiwa umelala baada ya chakula. Na mtoto alipotuacha nikaongeza na ya Jumatano, maana niliona adui iko na nguvu. Sikukuambia, ungenicheka."

Wathome alikaa chini, pale pale mavumbini. Hakumkasirikia, angalau hasira ingempa kitu cha kushika. Aliogopa tu, hofu ya mtu anayesikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Mkono ulitoka ndani. Na yeye alikuwa amesimama kwenye mawe, mbele ya mashahidi, akakipa kithitu nyumba yake yote kwa ulimi wake: mama huyu, na Kamene, na aliye tumboni mwa Kamene. Alikuwa amepima kila waya. Swali moja tu ndilo alilolikwepa.

Alikuwa bado hajainuka Kamene alipoita kutoka nyumbani. Hakuita kwa nguvu. Alitokea mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, miguu imelowa, akasema, "Washa gari."

Yote mengine yalikwenda upesi. Munyiva aliweka chupa juu ya bati na kukimbilia kumshika mkwe wake. Wathome alirudisha vifuniko, akafunga waya, akaivuta miiba kando ikamchana viganja, akaingia, akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik, tik. Mbele yake ardhi ilikuwa bapa kama sinia mpaka kwenye lango, na mteremko wake wa zamani ulikuwa kule, kando ya ua wa Ndeti, hatua chache ambazo zingetosha. Ni yeye aliyelitoa gari kule.

Kamene walimketisha kwenye kiti. Kile kile. Aliuma leso yake na kutazama mbele.

Na Ndeti alikuwa pale. Alikuwa amesikia, akaja mpaka kwenye ua, na mabega yake yale yangelisukuma gari lile mpaka barabarani bila msaada wa mtu. Lakini alisimama upande wake wa ua, mikono ameifungia mgongoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumia.

"Ndeti, mwanangu," Munyiva akamwita, "mbona umesimama? Njoo tusukume."

Ndeti alimtazama Wathome tu, akingoja. Wathome alifungua mdomo amwambie aje, aruke ua, kiapo kisahaulike. Kisha akakumbuka kwamba Ndeti naye ana watoto wanne, na kwamba neno lile alilodai liongezwe lingewala wao. Hakuweza kumwomba. Hata angeomba, aliona kwenye macho ya jirani yake kwamba mikono ile haitafunguka.

"Hawezi, mwaitu," akasema. "Aliapa hataigusa hii gari. Tulipiga kithitu, mimi na yeye."

Mama yake alishika rozari iliyokuwa shingoni.

"Juu ya nini?"

"Juu ya mtu anayeua betri."

Munyiva alimtazama mwanawe, akamtazama Kamene, kisha macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye chupa ndogo aliyoiacha juu ya bati, yenye maji nusu. Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyowezekana kwa haraka waliyokuwa nayo. Halafu akajifunga leso kiunoni, akaenda nyuma ya pikapu, akaweka viganja vyake viwili kwenye bati lililochomwa na jua, akainamisha kichwa na kusukuma.

Wathome aliruka chini akaweka bega mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani, akasukuma pia. Walisukuma mpaka mama yake akaanguka magoti, akainuka, akasukuma tena. Gari halikusogea hata kidogo, na ndani yake Kamene akalia.